Nimempa Mungu Makataa, na Mama Bado Yuko Kitandani

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, tena naomba unijibu mapema, maana siku niliyoitangaza mwenyewe mbele ya umati inakaribia na mimi sina pa kukimbilia wala sina wa kumweleza, kwa sababu wote wanaonijua wananijua kama mtu mwenye majibu.

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa mwisho. Chuoni wananiita Kipaza, kwa kuwa wanasema nikisimama kuzungumza hakuna haja ya kipaza sauti, na jina hilo, nisikufiche, nimelibeba kwa fahari. Ndimi niliyepanda juu ya meza ya bwalo maji yalipokatika mabwenini, nikautaka utawala wa chuo urudishe maji kabla ya Ijumaa ama madarasa yote yabaki matupu. Ijumaa haikufika, mabomba yakafoka maji, nami nikabebwa mabegani kama bwana harusi. Tangu hapo niliamini jambo moja na nikalifundisha kila nilipopewa nafasi: kwamba mamlaka yoyote, iwe ya duniani au ya mbinguni, humsikia yule anayedai kwa sauti na kwa tarehe, na kwamba dai lisilo na tarehe si dai bali ni manung'uniko.

Imani hiyo niliingia nayo katika ushirika wetu wa wanafunzi Wakristo, ambako mimi ni mnenaji mkuu, na huko ilipokewa kwa vigelegele. Sisi tuna desturi tunayoiita kukabidhi. Mtu mwenye hitaji husimama mbele, hulitamka hitaji lake, huitaja siku ambayo Mungu atalitimiza, kisha huweka mezani kile kitu ambacho mwenye shaka angekiegemea. Msichana mmoja wa idara ya hesabu alikabidhi miwani yake, na hadi leo anaingia mihadharani akipapasa viti, anakaa safu ya mbele kabisa na bado anamwuliza jirani yake ubaoni pameandikwa nini, na sisi tunampigia makofi tukisema ushuhuda uko njiani. Vitu vyote hivyo hufungiwa katika chumba cha vyombo nyuma ya jukwaa, pamoja na ngoma na spika mbovu. Hajatokea mtu aliyerudi kuchukua chake, maana kwetu kukichukua ni kumkana Mungu.

Sasa nikueleze kuhusu mama.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Kazi yake yote aliifanya akiwa wima, akipita kati ya madawati, akiinama kuushika mkono wa huyu anayeandika herufi kichwa chini miguu juu, akimfuta yule kamasi, na viatu vyake vya kisigino kifupi vilisikika korido nzima, kiasi kwamba darasa lilinyamaza kabla hajaufikia mlango. Mimi nilisoma katika darasa lake. Nilikuwa nikimsikia anavyokuja, nakaa wima, halafu akipita kwenye dawati langu ananigusa kisogo kwa kidole kimoja, haraka, wenzangu wasije wakaona upendeleo, na mguso ule mdogo, mshauri, ndio nilioutambua kuwa ni upendo kabla sijalijua neno lenyewe. Mwaka jana kiharusi kilimwangusha akiwa ubaoni, chaki mkononi, watoto wakidhani mwalimu anacheza nao. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi, na maneno yake mengi yalikwenda nao.

Namtamani mama yangu. Najua yupo, najua nikipanda basi moja tu kutoka chuoni nitamkuta chumbani kwake, lakini namtamani kama mtu anavyomtamani aliyesafiri bila kuaga. Nikiwa maktaba nikasikia viatu vya mwanamke vikigonga sakafu, nafunga kitabu na kuinua uso, na kila mara ni mwanamke mwingine, na kila mara naona haya kana kwamba nimefumaniwa. Natamani anikaripie. Natamani aingie jikoni anitoe kwenye kiti anachokipenda aseme, "Ondoka hapo, mwanasheria, hujalipia." Natamani jambo dogo sana, nalo limekuwa kubwa kuliko mlima: kumwona anavuka chumba.

Hospitalini mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitufundisha mimi na dada yangu namna ya kumnyoosha mkono na mguu, kumkunja vidole kimoja kimoja, kumpa mpira laini aukamue, asubuhi na jioni bila kukosa. Alituambia, "Msikae mkipima leo na jana. Fanyeni tu." Nilifanya likizo nzima. Nilikaa kando ya kitanda nikiukunja na kuukunjua mkono ule ulioniongoza kuandika jina langu, nao ukabaki mikononi mwangu kama glavu iliyolowa, mzito, usiojibu, hadi nikaanza kuuonea hasira, na nilipojikuta nauonea hasira mkono wa mama yangu mzazi nikasimama nikatoka. Nikajisemea kwamba Mungu aliyeumba mkono kwa neno lake hawezi kuwa anahitaji mpira wa kuchezea ili aurudishe.

Basi muhula ulipofunguliwa nilisimama ushirikani nikatamka kwamba siku ya mahafali yangu mama ataingia ukumbini kwa miguu yake, na kwamba hayo ndiyo makataa yangu kwa Mbingu. Ukumbi ulilipuka. Kiongozi wetu wa maombi, mwanafunzi wa uhandisi ambaye tulianza kumwita Nabii kwa mzaha na mzaha ukaisha jina likabaki, alinyanyua mkono watu wakatulia, akaniuliza, "Na unakabidhi nini, Kipaza?"

Nikasema nakabidhi kiti cha magurudumu.

Kiti hicho walikitafuta walimu wenzake mama wakamletea nyumbani. Dada yangu, ambaye ni fundi cherehani na amehamishia cherehani yake sebuleni ili awe karibu na mama, alikishonea mto kwa mabaki ya vitambaa vya makoti na kukiwekea mkanda wa kumzuia mama asiangukie upande wake uliolegea. Nilikwenda kukichukua Jumamosi dada akiwa amepeleka sare za wateja. Mama alikuwa macho. Alinitazama nikikikunja. Sikumwuliza, nilimbusu tu paji la uso nikamwambia, "Mama, hutakihitaji tena," naye akafumba macho, nami nikaondoka nikiamini kwamba ameafiki.

Wiki iliyofuata nilipokwenda nyumbani, dada yangu alinipokea bila kuinuka kwenye cherehani.

"Mheshimiwa, kiti kiko wapi?"

"Nimekikabidhi, dada."

"Umemkabidhi nani?"

"Mungu."

"Kwani Mungu naye kapooza miguu?"

"Dada, usikufuru."

"Sikufuru, nauliza njia. Nielekeze ofisi yake ilipo nikakichukue, maana mama anataka kukaa uani na mgongo wangu si winchi."

Wakati huohuo mama alisema kutoka chumbani, wazi kabisa, "Nje." Ni miongoni mwa maneno machache aliyobakiwa nayo. Mimi nikaruka, nikamwambia dada, "Umesikia? Anaitamka safari yake mwenyewe!" Dada alinitazama kama mtu anavyomtazama mlevi mchana.

"Anataka kutoka nje, basi," akasema. "Watoto wa shule wanapita saa hizi. Nilikuwa namweka getini wanamwamkia, 'Shikamoo Mwalimu,' anafurahi. Sasa anawasikia kupitia dirishani."

Niliondoka kabla ya chai, na kusema kweli tangu siku hiyo sijarudi. Nilijiambia kwamba nitarudi siku ya muujiza.

Dada ananipigia simu. Juzi juzi aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya furaha ambayo sijaisikia kwake siku nyingi, "Kidole gumba cha mama kimeanza kushika. Jana kakamata ncha ya shuka, nikavuta, akakataa kuachia, tukacheka sote wawili." Unajua nilimjibu nini, mshauri? Nilimjibu, "Mimi sikuomba kidole gumba." Akasema, "Sawa, Mheshimiwa," na nikasikia cherehani ikianza kukimbia kabla hajakata simu. Jana amepiga tena, safari hii bila salamu, akaniambia kwamba kwa kulala muda wote ngozi ya mama kiunoni imeanza kuchubuka.

Nilimpelekea Nabii habari hiyo. Akaniambia kwamba shetani hupiga kelele zaidi mtu akikaribia mlango, na kwamba nikikirudisha kiti leo nitakuwa nimeufungia nje muujiza ambao umekwisha panda ngazi. Mpango wao umekamilika: mama aletwe kwa gari hadi mlangoni mwa ukumbi, ateremshwe, asimamishwe, nasi tuliopo ndani tumwite kwa nyimbo hadi aingie. Nami ndimi niliyechaguliwa kuzungumza kwa niaba ya wahitimu, kwa hiyo nitakuwa jukwaani nikimtazama akija. Nilipomweleza dada mpango huo alisema, "Bila kiti mama hatoki humu ndani. Nitasimama mlangoni na mkasi wangu wa kukatia vitambaa, hao watakatifu wako na waje."

Ninaandika haya nikiwa nimegawanyika. Niliwahi kusimama jukwaani nikasema kwamba uvumilivu ni jina la heshima walilojipa walioshindwa, kwamba Kanisa limelazwa kwa neno hilo kama mtoto anavyolazwa kwa bembea, na watu wakasimama juu ya viti kunishangilia. Na bado sioni kosa la hoja yangu, ila naona kosa la kitu fulani ambacho sikijui jina. Nikiwa mbali na nyumbani, katika ukumbi, katikati ya sauti, imani yangu ni moto na ninaweza kumwona mama akitembea kama ninavyokiona kidole changu hiki. Nikiwa karibu naye moto huo unazimika na ninachosikia ni pumzi zake tu. Kwa hiyo nimekuwa nikikaa mbali ili niweze kuamini. Je, huko ndiko kuamini? Zamani, nikiwa mdogo, mama alikuwa akiomba nasi mezani kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwambia jirani habari, na nilihisi Mungu yuko palepale kati ya sahani. Siku hizi nampigia Mungu kelele kwa nguvu zangu zote na simhisi hata kidogo, na hilo nalo sijamwambia mtu.

Niambie. Nikichukue kiti, nimkane Mungu mbele ya watu niliowafundisha kumdai? Au nishikilie hadi saa ya mwisho, ikiwa yeye amepanga kutenda saa ya mwisho, nisije nikaliharibu tendo lake kwa kukata tamaa mapema? Na nikilegeza hapa, kuna kitu gani kitakachonibakiza katika imani hii? Naomba usinibembeleze.

Mimi, Kipaza.

*

Mshauri anajibu:

Kipaza mwanangu,

Usijali, sikukusudia kukubembeleza. Mwanzoni barua yako ilinitia hamu ya kukuchapa kofi. Kisha nikafika pale mama yako alipokuwa akikugusa kisogo kwa siri, na nikalazimika kuiweka chini kidogo. Kwa hiyo nianze na pole, pole ya kweli, kwa mama ambaye yupo na hayupo. Ni msiba usio na matanga, na watu hawajui wakuambie nini. Umeshapokea pole. Sasa pokea kofi.

Umenieleza habari za ukumbi, umati, jukwaa, tarehe, na Nabii anayenyanyua mkono. Mahali ulipoandika kwamba ulimwuliza mama yako anataka nini sijapaona. Wewe ni mwanasheria mtarajiwa. Mteja wako hakusikilizwa! Alikutazama ukikikunja kiti, akafumba macho, na ukalihesabu hilo kuwa ni kuafiki. Mtu asiyeweza kuinuka wala kubisha, afanye nini kingine zaidi ya kufumba macho? Ulimtolea Mungu sadaka isiyo mali yako. Mahakamani kitendo hicho kina jina lake na unalijua kuliko mimi. Nyumbani tunakiita utovu wa adabu.

Pili, umemchanganya Mungu na utawala wa chuo. Wale walirudisha maji kwa sababu uliwatisha. Mungu umemtisha kwa kitu gani? Kwamba utasusia? Na tazama sasa aina ya Mungu uliyejitengenezea: anapanda ngazi kuja kumponya mama yako, kisha akiona kiti mlangoni ananuna, anageuka, anarudi zake. Huyo si Baba, mwanangu, huyo ni karani aliyekerwa na foleni. Mungu akiamua kumwinua Mwalimu, atamwinua kutoka kwenye kiti kama vile angemwinua kutoka kitandani, tena kwenye kiti atakuwa ameshaanza kuwa wima.

Sasa kidole gumba. Hapo ndipo uliponiumiza hasa. Kidole kilichokuwa kimekufa kimekamata shuka, wanawake wawili wakacheka pamoja katika chumba kisicho na mengi ya kuchekesha, na mnenaji mkuu wa ushirika akajibu kwamba hakukiagiza. Sikuambii kwamba kidole hicho ni mwanzo wa mguu. Sijui, na anayekuambia anajua anakudanganya, awe amevaa koti la daktari au la nabii. Huenda mguu ukafuata. Huenda kidole gumba kikawa ndicho chote mtakachopewa upande huu wa kaburi, na itawabidi kumpenda Mungu mkiwa na kidole hicho tu. Uvumilivu unaoudharau ndio huo: kuliomba jambo kubwa kwa moyo wote, kulipokea dogo bila kulitukana, na kesho kurudi kuliomba tena lile kubwa, ukiwa na njaa ileile. Walioshindwa hawawezi kazi hiyo. Walioshindwa huacha kuomba, au, kama wewe, huhamia mbali ili wasione wanachokiombea.

Na hapo ndipo penye kosa ulilosema hulijui jina. Umekaa mbali ili uweze kuamini. Unamngojea mama wa koridoni, na yule wa kitandani anakungojea wewe. Mlango ukifunguliwa anatega sikio. Unadhani ni wewe peke yako unayesikiliza viatu vya watu?

Hamu yako usiiue. Watakuja wengi watakaokuambia uzoee, ukubali, ushukuru angalau anapumua. Usiwasikilize. Tamani. Mtamani mama anayevuka chumba, mwambie Mungu hivyo kila siku na wala usipunguze neno. Mungu hachoshwi na hamu ya mtoto kwa mama yake. Yeye ndiye aliyeitia humo. Lakini umtamani ukiwa pale, kando yake, ukisikia hizo pumzi zinazokuzimia moto. Umezisikiliza kwa muda gani kabla ya kukimbia? Unalalamika kwamba ukipiga kelele humhisi Mungu, na papo hapo umenieleza wapi ulimhisi: mezani, kwa sauti ya kawaida, mama akizungumza naye kama jirani. Hukumpoteza Mungu, ulihama mtaa.

Fanya hivi.

Nenda chumba cha vyombo mchana, watu wakiwepo, ukakitoe kiti kwa mlango wa mbele. Nabii akikuuliza, mjibu kwamba kiti ni cha Mwalimu na wewe hukuwa na haki ya kukitoa. Usiongeze neno. Najua unaweza kumshinda kwa hoja, ndiyo sababu nakukataza. Ukiwa humo ndani tafuta na miwani ya yule msichana wa hesabu umkabidhi mkononi, kabla hajagongwa na gari nanyi mkaiita ajali hiyo vita vya kiroho.

Siku hiyohiyo mwite muuguzi aitazame ngozi ya mama kabla hamjamkalisha. Kidonda cha kulalia kikizama kinaua, na hakina habari na mahafali yako.

Ushirika ukikutana, simama uifute ile tarehe. Hutakuwa umemkana Mungu, utakuwa umekanusha ulichomsingizia. Waambie kwamba bado unamwomba amponye mama yako, kwamba hukumsikia akikupa siku, uliitunga mwenyewe, na kwamba kila aliyekabidhi kitu kwa mfano wako akakichukue. Useme kwa ufupi. Najua kwako ufupi ni muujiza, basi tuanze na huo. Wapo watakaokucheka, na wapo watakaotoka. Waache watoke.

Kuhusu mahafali, mwulize mama kama anataka kuja. Uliza, kisha nyamaza, ungoje hadi ajibu, hata akichelewa, na usimkamilishie neno. Akikataa, sherehe ikiisha panda lile basi moja ukiwa na joho lako mwilini ukamwonyeshe. Akikubali, msukume wewe mwenyewe, katikati ya ukumbi, taratibu, wote waone mtoto na mama yake. Kama macho ya watu yatakuchoma, yakuchome. Ulikuwa tayari kumwacha yeye achomwe nayo akiwa amesimamishwa mlangoni kwa miguu isiyomtii.

Baada ya hapo zinakuja siku zenye kazi zaidi, ambazo hakuna atakayekupigia makofi. Chagua zamu moja ya mazoezi iwe yako, asubuhi au jioni, na uishike uwe umefurahi au umechoka, uwe umemhisi Mungu au hukumhisi. Ukikunja kidole, omba. Ukikunjua, omba. Mkono ukibaki mzito na hasira ikakujia, mwambie Mungu kwamba una hasira, kisha endelea na kidole kinachofuata. Umeniuliza nini kitakubakiza katika imani ukilegeza. Kitakubakiza hicho: kurudi. Sijui njia nyingine, na wanaodai kuijua nimewaona wakiishia njiani.

Dada yako atakufungulia mlango akiwa amenuna, na haki anayo. Usimhubirie, wala usimsimulie ulivyobadilika. Ingiza kiti, nawa mikono, umwambie, "Dada, kapumzike, leo nakaa mimi."

Kesho umwambie hivyo tena.